Kitsa Ananie na Maua Aliyoyakata

Huyu tunayemzika leo, Kitsa Ananie, alizaliwa Kipese tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa Kakule Jacob na Kyakimwa. Alisoma shule ya msingi palepale Kipese, akaanza sekondari Butembo, akaiacha mwaka wa pili baba yake alipofariki. Masista walimchukua kwenye bustani yao, na huko mikono yake ikazoea udongo.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Kahongya Adèle. Wakahamia mji wa Beni, katika komini ya Beu, mojawapo ya kata zake, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza Bénite.

Mwaka 2009 rafiki yake Idi, dereva wa lori, alimletea kutoka Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kijitawi cha torenia ndani ya kitambaa kilicholowa. Ni ua la zambarau lenye koo la njano, halipendi jua kali. Mbegu halikutoa, kwa hiyo kila kikapu alichokipanda kilitokana na tawi la kingine. Kikapu cha kwanza, alichokiita kikapu mama, hakukiuza kamwe. Vikapu watoto, vilivyotokana nacho, alivitundika kwenye baraza za hoteli na nyumba za watu, na kwa hivyo nyumba yake ikala.

Jambo moja la kazi hiyo lilimchosha mkewe. Kila tawi lilipotoa ua la kwanza, Ananie alilikata ncha, ili mmea ugawanyike na kujaza kikapu.

"Baba Bénite, unakata maua, sasa tutauzisha nini? Majani?"

"Ngoja kwanza."

Alijibu hivyo mwaka baada ya mwaka, hata Adèle akachoka kuuliza.

Mwaka 2019 vita viliwafukuza Beni. Walifika Butembo kwa pikipiki, Adèle amepakata kikapu mama. Baridi ya huku ilichelewesha maua, nao wakaanza upya, kwa uchovu wa watu waliokwisha kuanza upya mara nyingi mno.

Mei 2025 figo zilimlaza Ananie. Adèle alimuuguza bila msaidizi, na katika kuchoka kule akasahau kumwagilia. Kikapu mama kikakauka. Alilia jikoni, kisha akampigia simu Sofia, mke wa Idi, ambaye zamani kule Beu alinunua kwao kikapu kimoja kilichotokana na kikapu mama. Sofia akakileta mwenyewe. Adèle akakitundika mahali pa kile kilichokufa, akitumaini Ananie hatatambua.

Kwa Sofia hakuna aliyekata ncha hata mara moja. Matawi yalining'inia hadi karibu na sakafu, yamejaa maua. Ananie aliyatazama kwa muda mrefu kutoka kitandani.

"Mama Bénite, hii haiko ile yetu."

Adèle akaanza kuomba radhi huku analia.

"Hapana lia. Ni mutoto yake. Angalia vile imekomea, imekuwa mukubwa."

Adèle, kwa mazoea, akachukua makasi. "Nikate?"

"Hapana. Ngoja kwanza."

Wakakaa wanayatazama. Asubuhi yake, tarehe 3 Oktoba 2025, Ananie aliaga dunia.

Ameacha mjane wake Adèle, watoto Bénite, Henri, Kavuo na Faraja, wajukuu saba, na kikapu kile ambacho makasi hayajakigusa hadi leo. Familia inawaomba msiweke torenia juu ya kaburi, kwani pana jua. Apate kivuli, Baba Ananie, apumzike.