Mama Laki na Hesabu ya Wasiohesabiwa

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika Kitengo cha Takwimu za Vifo, Mama Laki anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri. Si saa tisa na nusu. Ofisi ilimwambia aondoke mapema akajiandae kwa sherehe, akauliza nusu saa hiyo itaandikwa wapi.

Wenye digrii wa kitengo walikaa kikao kuamua nani aandike wasifu wake. Kila mmoja alimwogopa, kwa kuwa amewahi kusahihisha kazi za wote kwa kalamu nyekundu. Mwishowe wakaniangukia mimi, dereva. Walisema nimekaa naye kwenye gari miaka kumi na tisa, na makosa ya dereva husameheka. Basi tuvumiliane.

Aliajiriwa akiwa karani wa masijala, binti wa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kupanga vyeti vya vifo kwenye majalada, basi. Lakini karani huyu alikuwa na ugonjwa wa kusoma anachokipanga. Mwaka wa pili akaomba karatasi ya grafu. Mwaka wa nne akapelekwa masomoni, wengine wakisema ni kwa sababu ya kipaji, wengine wakisema mkuu wake alitaka kupumua.

Jina la Mama Laki alilipata kwa kuwa hakubali tarakimu iliyo uchi. Vifo mia mbili ni vingi au vichache? Hawezi kukujibu mpaka umwambie ni kati ya watu wangapi, kisha anakupigia hesabu kwa kila watu laki moja. Mpishi wa kantini hajasahau. Siku moja alijisifu kwamba maharage yake yamelalamikiwa na mtu mmoja tu. Mama Laki akauliza, "Mmoja kati ya walaji wangapi?" Siku hiyo walikuwa wamekula watu wanne. Akamwambia kwa upole kuwa hicho ni kiwango cha malalamiko elfu ishirini na tano kwa kila laki. Mpishi alivua aproni akaenda kukaa nje.

Jambo alilolifuatilia maisha yake yote ya kazi ni watu wanaojiua. Ukutani kwake, chumba namba kumi na mbili, kuna grafu kubwa yenye mistari ya nchi ishirini, mwaka hadi mwaka. Mistari hiyo huizungumzia kama watoto wake. Mgeni mmoja alimkuta akimlalamikia mwenzake: "Huyu wa juu alinitesa miaka kumi, sasa anashuka vizuri. Huyu wa katikati ndiye simwelewi, alikuwa ametulia, ghafla kapanda." Mgeni akampa pole, akamwambia vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.

Aliipenda grafu ile kwa sababu moja. Watu wengi huamini kwamba jambo hili likishaingia mahali limeingia, halina dawa. Yeye alikuwa akikuonyesha kwa kidole: nchi hii ilikuwa juu, wakafanya kazi, wakashuka. "Kama kiwango kinashuka," alisema, "basi si lazima kiwe juu."

Sasa nije kwenye mkasa wa keki. Mwaka mmoja lilitoka jedwali la kulinganisha nchi kwa viwango vya watu wanaojiua, na nchi yetu ikawa ya tatu kutoka chini. Mkurugenzi wa wakati huo alifurahi kupita kiasi. Akatengeneza bango, akaagiza keki, akaita wafanyakazi wote ukumbini. Kisu kilipogusa keki tu, Mama Laki akanyoosha mkono. "Mkurugenzi, kabla hatujakata. Hatuko chini kwa sababu watu wetu hawajiui. Tuko chini kwa sababu hatuandiki." Keki ililiwa, lakini kimyakimya, kama msibani.

Alitakiwa athibitishe, ndipo mimi na yeye tukaingia barabarani. Miezi saba, wilaya moja baada ya nyingine, yeye kiti cha mbele na sanduku la fomu magotini. Tulikuta "ajali", tukakuta "maradhi ya ghafla", tukakuta "sababu haijulikani" zimejaa daftari zima. Katika ofisi moja ndogo yenye dirisha lililovunjika, msajili mzee alifunga daftari akamwambia, "Mwanangu, marehemu alikuwa na watoto watatu. Ulitaka niwaandikie nini watoto?"

Nilidhani Mama Laki atatoa kalamu nyekundu. Hakuitoa. Alivuta kiti akakaa. Kisha akamuuliza, "Na kama ingekuwepo karatasi nyingine, isiyo na jina la mtu, inayokuja kwetu tu, ungeandika?" Mzee akasema angeandika. Karatasi ile ya kijani inayotumika leo katika ofisi zote za usajili ilizaliwa pale, kwenye kiti kile kibovu.

Hesabu mpya iliongeza idadi karibu mara mbili. Mkurugenzi akamwita. "Umetuongezea vifo!" Akajibu, "Sijaua mtu, Mkurugenzi. Walikuwepo. Tulikuwa tunawaita majina mengine." Kesho yake alihamishiwa stoo ya vifaa vya ofisi.

Alikaa stoo miezi minane. Mtu mwingine angenuna. Yeye alichora grafu ya kalamu na kugundua kwamba hupotea kwa wingi wiki shule zinapofunguliwa. Wazazi kadhaa wa kitengo hiki walianza kumwamkia kwa heshima isiyo ya kawaida. Mkurugenzi mpya alipokuja kukagua stoo, aliiona grafu ile mlangoni, akauliza imechorwa na nani. Wiki hiyohiyo Mama Laki akarudi chumba namba kumi na mbili.

Kazi ya karatasi za kijani ndiyo iliyotufumbua macho. Simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua ilikuwa ikifunguliwa msimu wa sikukuu tu, kwa kuwa kila mtu aliamini huo ndio wakati mbaya. Takwimu zetu zikaonyesha kwamba idadi hupanda miezi miwili baadaye, wageni wakishaondoka na simu ikishafungwa. Zikaonyesha pia kwamba zamani walioongoza walikuwa wanaume wazee, na sasa vijana wanawakaribia. Leo simu hiyo inapokelewa mwaka mzima. Aliwasumbua wakubwa kwa barua kumi na moja. Nakala zote nilizipeleka mimi.

Kuna jambo moja halimo kwenye jalada lake. Miezi mitano baada ya mke wangu kufariki, tulikuwa safarini. Akaniambia niegeshe gari. Nilidhani anataka kujisaidia. Akanigeukia akaniuliza waziwazi, "Kaka, unafikiria kujiua?" Hakuna aliyewahi kuniuliza, si ndugu, si jirani. Wote waliniambia nijikaze. Nilitaka kucheka, nikalia mpaka kioo cha mbele kikaingia ukungu.

Hakunihubiria. Alimpigia simu dada yangu tukiwa palepale, na hakutaka nibaki peke yangu siku hiyo. Asubuhi tukaenda kliniki. Muuguzi akamuuliza yeye ni nani wangu. "Abiria wake," akajibu, akakaa kwenye benchi saa tatu nzima. Ndiyo, alihesabu wagonjwa. Na wiki baada ya wiki aliniuliza tena, bila kuona haya. Kwenye grafu ya nchi yetu kuna nukta moja ambayo haipo. Ndiyo inayoandika haya.

Mstari wetu umeshuka miaka miwili mfululizo. Tulitaka kushangilia, akatukataza: miaka miwili haitoshi, tungoje mitano. Karani mpya amekabidhiwa rula, kalamu nyekundu, na onyo kwamba kila nukta ilikuwa ya mtu mwenye kwao.

Nyumbani anasubiriwa na mumewe, mwalimu mstaafu, mwenye ombi moja tu: akimuuliza mkewe habari za leo, ajibiwe "nzuri", asipewe asilimia. Mama Laki, kitengo kizima kinakushukuru, na mimi zaidi ya kitengo. Nenda kapumzike. Habari zako za leo ziwe nzuri, za kesho ziwe nzuri, na mwalimu azisikie hivyohivyo kwa miaka mingi.