Akiba Hii Inazeeka

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wajumbe wa bodi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mume wangu uliyekubali kuvaa tai kwa shida:

Nimeambiwa niseme machache. Mnaonijua mnacheka, kwa sababu katika ghala hili la mbegu mimi ndiye niliyewafukuza mlangoni mkija na miavuli iliyolowa, nanyi mkaniita Mama Kausha. Jina nililipokea. Unyevu na joto ndivyo vinavyoizeesha mbegu, na kazi yangu ilikuwa kuuchelewesha uzee huo. Kuuchelewesha tu, ndugu zangu. Je, kuna chumba cha baridi kilichowahi kumrudishia mtu ujana? Kingekuwepo, nisingestaafu leo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hao hawakufanya kazi hapa.

Mnaiona chupa ile ndani ya kabati la kioo? Ni kunde za marehemu mama mkwe wangu, ambazo hazilimwi tena popote tunapopajua. Aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, nitunzie, lakini usinifichie." Zamani tukiotesha chache kwenye karatasi yenye maji, karibu zote zilichipua. Safari hii nusu zimekaa kimya, na zilizoamka zimeamka kwa kujikokota. Na kila tunayoijaribu hairudi chupani.

Mkurugenzi wangu, najua unachokiogopa, na una haki ya kuogopa: ndizo za mwisho, na mvua ikitukatalia tumekwisha. Lakini mbegu iliyochoka haingoji mwaka mzuri. Tukizipanda sasa, tutavuna mbegu mpya. Tukiziacha pale wageni wazipige picha, tutabaki na chupa nzuri ya kunde zilizokufa. Naumia kusema hivyo, maana nimezilinda kuliko nilivyoilinda afya yangu.

Nimeona kule nyuma kuna boksi lililofungwa utepe. Kwa umbo lake, ni saa ya ukutani. Nawashukuru kwa moyo wote, lakini mpeni mwingine. Mimi nina kiwanja nyuma ya nyumba, kina bomba la maji mvua ikigoma, na mume wangu ameshakilima. Mkimpa mkono leo, mtashika malengelenge.

Asanteni sana kwa kunisikiliza na kunivumilia. Mheshimiwa Mkurugenzi, ufunguo wa kabati unao wewe.