Bahasha Aliyoikataa Stellah

Kijiwe chetu kiko Nyakato ya huku Mara, si ile ya Mwanza, mbele ya duka la vipuri lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Bunda. Benchi ni moja, refu, na mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli, hivyo ukikaa upande huo inabidi uwe mtu wa msimamo. Hamduni anauza kahawa na kashata. Mimi nashona viatu pembeni yake, na kwa kuwa viatu havina maneno, masikio yangu yako huru kutwa nzima. Wateja wa kudumu ni Masatu, tunayemwita Kapteni kwa sababu zamani aliwahi kupanda meli kwenda Mwanza na hajaacha kuisimulia, na Amos, tunayemwita Profesa, karani mstaafu aliyeondoka ofisini na Kiingereza chote cha ofisi. Wa tatu ni Mugeta, ambaye jina la Baba Meli tulimpa siku binti yake Stellah alipopata kazi kwenye meli za watalii, zile kubwa za huko baharini. Jumatano hiyo Mugeta alikuja hajanyoa, akakaa upande mbovu wa benchi bila kulalamika. Nikajua kuna jambo.

HAMDUNI: Baba Meli, nikuwekee?

MUGETA: Weka. Halafu nyamazeni kidogo. Kuna sauti ya Stellah hapa.

Akaweka simu katikati ya benchi. Tukainama wote. Sauti ya yule binti ikatoka, ya chini, ya mtu aliyejificha mahali.

«Shikamoo baba. Naomba unijibu kabla sijaingia zamu ya jioni. Unamkumbuka bibi niliyekuambiaga, yule mjane wa sebuleni kwetu? Jana alinipa bahasha. Nikakataa, kama ulivyotufundishaga. Nikamwambia acha tu mama, hii ni kazi yangu. Baba, hakunibembeleza! Aliniangalia, akairudisha kwenye mkoba wake. Leo amegeuza kiti kaelekea dirishani, hanisemeshi. Kesho asubuhi tunafika bandarini, ndiyo mwisho. Sijalala, baba. Sililii bahasha. Huyu bibi ananiitaga binti yangu. Nikamwambieje?»

Simu ikanyamaza. Profesa akajikuna kidevu, na mtu huyu akijikuna kidevu ujue hotuba iko njiani.

PROFESA: Kwanza tuelewane. Sebuleni, meli inakuwaga na sebule?

MUGETA: Iko moja juu kabisa, ya wale wenye vyumba vikubwa. Wengine hawaingii. Stellah ndiye anayewapokea, anawakalisha, anawaletea vinywaji. Anajua nani anakunywaga chai bila maziwa, nani mgongo unamuuma anataka mto. Hana haja ya kuwauliza mara mbili.

HAMDUNI: Na kwa hilo wanampa bahasha?

MUGETA: Wanampa. Na pale mlangoni kuna mwenzake mmoja ana meza. Kazi yake huyo ni kutafuta chochote mgeni anachokitaka. Stellah alinisimuliaga, kuna mama mmoja alisema tu, kwa kujisemea, kwamba amekumbuka ua lililokuwa linaotaga nyuma ya nyumba ya mama yake. Huyo wa mezani akachukua simu. Walipofika bandari iliyofuata, ua liko chumbani kwake, ndani ya glasi.

Hamduni alikuwa anamimina kahawa. Akasahau kuinua birika, kikombe kikajaa, kikamwagika hadi kwenye kiatu cha Kapteni, na Kapteni hakusema kitu. Nimekaa kijiwe hiki miaka mingi na sijawahi kumwona Kapteni akimwagiwa kitu akanyamaza.

HAMDUNI: Subhanallah. Ua lenyewe lile lile?

MUGETA: Lile lile. Yule mama alilia mpaka akashindwa kula.

KAPTENI: Sasa mtu kama huyo unampaje ya soda? Huyo unampa binti umuozeshe!

PROFESA: Ndiyo maana kuna utaratibu. Tipu, yaani bakshishi, ina protoko yake. Siku ya kwanza tu unapopanda, unatoa kidogo ili wakujue. Hiyo ni advansi. Siku ya mwisho unatoa kwenye bahasha, na jina umeandika, na maneno mawili ya shukrani.

KAPTENI: Uongo. Hakuna bahasha. Unakunja noti ndogo kabisa, unaificha kiganjani, mnapeana mkono kama mnasalimiana. Mkono wako unarudi mweupe, wa mwenzako umeshiba. Nilionaga kwa macho yangu kwenye meli ya Mwanza.

PROFESA: Uliyoiona kwenye meli ya Mwanza ni rushwa, Kapteni. Na hapo ndipo shida ilipo. Kwetu ukimpa karani mkono wa namna hiyo mnalala ndani wote wawili. Mtoto amekulia hapa, akiona bahasha anaona kesi! Alikataa kwa uadilifu. Mkono mtupu haulambwi.

MIMI: Methali hiyo imeingiaje hapo, Profesa?

PROFESA: Imeingia kwa mlango. Shona viatu.

Mugeta akatikisa kichwa. Alikuwa anakizungusha kikombe bila kunywa.

MUGETA: Hakukataa kwa uadilifu. Alikataa kwa sababu yangu. Kwangu mtoto akipewa kitu hapokei mara ya kwanza. Mara ya kwanza unakataa kwa heshima. Ya pili unakataa ili ujue mwenzako anatoa kwa moyo. Ya tatu unapokea kwa mikono miwili. Ndivyo nilivyowalea wote. Sasa yeye alikuwa anasubiri ya pili.

KAPTENI: Na ya pili haikuja.

PROFESA: Haiji! Wazungu hawana ya pili. Kwao yesi ni yesi, no ni no. Ukisema sitaki, hutaki, mpaka kiama.

HAMDUNI: Yaani mtu akienda kwao akaambiwa karibu chakula, akasema nimeshiba, hapewi?

PROFESA: Hapewi.

HAMDUNI: Analala njaa?

PROFESA: Analala.

Hapo tulimwonea huruma kila mtu aliyewahi kusema ameshiba huko Ulaya. Mimi nilimwonea huruma zaidi Stellah. Nilimshonea viatu vya shule tangu anavaa vile vya mikanda, na alikuwa mtoto wa kushukuru hata kwa msumari mmoja.

KAPTENI: Mnajua hiyo bahasha ilikuwa na nini? Msifikirie hela. Watu wa sebule ya juu hawabebagi hela. Mle ndani kulikuwa na karatasi ya chumba. Chumba cha melini, kwa jina la Stellah.

PROFESA: Hisa. Hisa za meli.

KAPTENI: Hapo sasa! Meli yenyewe ina mitaa, ina stendi, ina bodaboda ndani. Mtu anatoka chumbani anapanda boda kwenda kula. Sasa angepata hisa angepata na boda zake kumi.

HAMDUNI: Bodaboda baharini?

KAPTENI: Haba na haba hujaza kibaba, Hamduni. Wewe unafikiri meli inajaa kwa watu tu?

MUGETA: Jamani!

Aliisema kwa nguvu, na Mugeta si mtu wa nguvu.

MUGETA: Nyie mnagawana meli. Mimi nina binti hajalala. Ananisubiri nimwambie neno, na mimi baba yake sina neno. Yuko kwenye maji ambayo siyajui, na watu ambao siwajui, na nilichompa cha kuondokea hapa ni adabu tu. Sasa adabu yangu ndiyo imemuumiza mzee wa watu. Niambieni nimjibu nini.

Aibu ikatushika. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

PROFESA: Aandike barua ya kuomba radhi, ipitie kwa mkuu wake wa kazi, nakala kwa nahodha.

HAMDUNI: Barua kwa mtu anayemwona kwa macho? Aende tu apige magoti.

KAPTENI: Ngojeni. Kwetu mgeni anapoondoka nani anampa mwenzake zawadi? Mwenye nyumba ndiye anampa mgeni. Unamfungia kuku, au samaki wetu wa ziwani, sato wawili, unamsindikiza mpaka barabarani. Si ndivyo, Mugeta?

MUGETA: Ndivyo. Na cha kuondokea hakina kukataa. Ukikataa cha kuondokea, mwenye nyumba anajua umeondoka na kinyongo.

KAPTENI: Basi. Huyo bibi kesho anaondoka. Mwenye sebule ni Stellah. Stellah ndiye amfungie bibi kitu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

HAMDUNI: Ampe bibi wa watu jembe?

KAPTENI: Si jembe lenyewe. Kanga, kibuyu, chochote cha Mara. Hapo bibi atajua hakudharauliwa.

Nakiri hilo lilitugusa. Tukalitazama kwa pembe zote, likaonekana zima, na tukaanza kubishana kama ni kanga au kibuyu. Mugeta alishika simu tayari kurekodi.

Hapo benchi lilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyemjali ila mimi, maana nilikuwa nadaiwa naye. Mama Marieta alikuja kutoka Nyamuswa kuchukua kandambili za ngozi za mumewe, nami nilikuwa sijazimaliza. Alisikia habari yote tangu kwenye sauti ya Stellah, kikapu chake mapajani, bila kufungua kinywa.

MARIETA: Samahani kaka zangu. Sijaelewa kitu kimoja.

PROFESA: Sema mama. Hapa ni darasa.

MARIETA: Anayeondoka kesho ni nani?

PROFESA: Bibi, mama. Msafiri. Meli inafika, msafiri anashuka.

MARIETA: Binti amesema bibi anashuka?

Tukatazamana. Mugeta akaicheza tena ile sauti. Kesho asubuhi tunafika bandarini, ndiyo mwisho. Akaicheza mara nyingine. Mwisho wa nani, haikusemwa. Watu wazima watano, mmoja kapteni, mmoja profesa, tulikuwa tumemshusha bibi wa watu melini bila kumuuliza.

MUGETA: Stellah mwanangu, nakusikia. Kabla sijakujibu, niambie. Kesho huyo bibi anashuka?

Akatuma. Hakuna aliyeagiza kahawa. Kapteni alianza kusema kitu kuhusu bandari ya Mwanza, Hamduni akamkata jicho. Simu ilipolia, Mugeta nusura aiangushe.

«Hapana baba. Yeye hashuki. Tangu mume wake amefariki anaishi humu humu melini. Wageni wanakujaga wanaondoka, wafanyakazi wanakujaga wanaondoka, yeye yupo. Anayeshuka ni mimi. Mkataba wangu umeisha, baba. Nilikuwa sijawaambia, nilitaka mnione tu nimesimama mlangoni.»

Hamduni aliweka birika chini. Sijui tulikuwa tunashangaa lipi kwanza, kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba isiyokaa mahali pamoja, au kwamba mtoto wa Nyakato alikuwa mgeni kwenye nyumba hiyo na leo anaagwa. Mugeta machozi yalimtoka, hakuyafuta.

KAPTENI: Yaani bibi ndiye mwenye nyumba.

MUGETA: Ndiye. Na ile ilikuwa ya kuondokea. Mwanangu amekataa ya kuondokea.

Akainua simu karibu na mdomo.

MUGETA: Stellah. Usingoje zamu, nenda sasa hivi. Mwambie kwenu anayeondoka hakatai anachopewa, na wewe hukujua kwamba unaagwa, kosa ni la baba yako aliyekufundisha nusu. Halafu nyoosha mikono miwili, uiombe mwenyewe. Ikiwa na hela, ikiwa na karatasi tupu, pokea. Na umshukuru kwa kukulea.

Akatuma. Tukabaki tunaitazama ile simu juu ya benchi. Nilijaribu kuiona ile sebule, na yule binti wa viatu vya mikanda akivuka zulia kwenda kwenye kiti kilichogeukia dirisha. Niliona nusu tu, nyingine ilinishinda.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi, na nyuma yake tulisikia mtu mzima akicheka na kulia kwa pamoja, kwa lugha ambayo hata Profesa hakujidai kuitafsiri.

«Amenipa, baba. Sijaifungua. Amenishika mkono, hataki kuuachia.»

HAMDUNI: Alhamdulillahi.

Kapteni alimpiga Mugeta begani. Profesa aliagiza kahawa ya wote, jambo ambalo nalo ni la kushangaza, lakini siku hiyo lilipita bila kusemwa. Mama Marieta peke yake hakuchangamka. Alikuwa bado anafikiria.

MARIETA: Sasa huyo mama, kila siku yeye ndiye wa kuaga wenzake. Siku yake ikifika ataagwa na nani?

Hamduni aliangalia makaa. Kapteni alianza kufuta kiatu chake chenye kahawa. Mugeta akaichukua tena ile simu, akaishika kwa mikono miwili, akasema polepole, kama vile yule bibi naye yupo anasikiliza na hajui Kiswahili vizuri.

MUGETA: Stellah. Siku huyo bibi akiaga, wa kumfungia tupo. Muulize kama anakulaga sato.