Philemon Wekesa, Karani wa Mizani Aliyeacha Dawa

Ndugu waombolezaji, pamoja na ninyi wa huko nyuma mnaomtazama mjane kwa jicho la pembeni, familia inawasomea maisha ya Philemon Wekesa, na inaomba msikilize hadi mwisho.

Philemon alizaliwa Malava tarehe 14 Machi 1971, akasoma huko huko hadi akamaliza sekondari mwaka 1990, akiwa mtoto wa kuuliza hata uji umepikwa na nani. Mwaka 1993 aliajiriwa karani wa mizani ya miwa Mayoni, ambako watu walificha mawe ndani ya mzigo ili uwe mzito, naye akazoea kuona hila hata pasipo na hila.

Tarehe 5 Desemba 1998 alimuoa Jescah, baada ya kwenda kwao mara kadhaa akijifanya mnunuzi wa kuku ili amchunguze, wakajaliwa Weldon na Shantel, wakahamia Amalemba.

Tarehe 11 Novemba 2024 alishikwa na homa na tumbo, akamlaumu shemeji yake aliyemkaribisha chakula, lakini damu yake ilipopimwa maabara ilionekana ni homa ya matumbo, daktari akampa vidonge vya kuua bakteria, akamsisitizia avimalize hata akipata nafuu. Homa ilipotulia, Philemon alishuku kwamba daktari na mwenye duka la dawa wamekula njama, akaviacha, na Jescah alipombembeleza asubuhi na jioni, akawaambia majirani kwamba mkewe anamlazimisha kumeza vitu asivyovijua. Maneno hayo ndiyo mnayonong'ona leo. Vidonge tulivikuta kwenye mfuko wa koti lake, tukampelekea daktari, akasema ni vile vile alivyoandika.

Ugonjwa ulirudi na nguvu, utumbo ukatoboka, akapasuliwa, na tarehe 2 Januari 2025 akatutoka, akiwa amekataa kunyweshwa maji na mtu yeyote isipokuwa Jescah.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, makarani wenzake waliochimba kaburi, na majirani wa Amalemba kwa maombi yao, kama si kwa midomo yao.

Tangu jana tumeona sahani zikirudi jikoni kwa Jescah hazijaguswa. Tukitoka kaburini, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, vitapakuliwa, na mama mzazi wa Philemon atakula wa kwanza, kutoka mkononi mwa Jescah, mbele yenu nyote.

Lala salama, Philemon, mkeo tunaye.