Mlio Ambao Hatutaupiga Leo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimwogopa bila kumjua. Ule mlango katika mchezo wetu wa redio, ule uliowafanya mpandishe miguu kwenye kochi, ulikuwa wake. Ile pumzi nyuma ya ukuta ilikuwa yake. Alikuwa fundi wetu wa sauti, na hapa studio tulimwita Bi Milio. Alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua moyo.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: Bi Milio alikuwa mwoga. Mwoga hasa. Msikilizeni mdogo wake wa kiume, ambaye ni fundi wa mashine katika kiwanda cha barafu, mtaa wa nyuma ya studio yetu.

"Dada alikuwa anaogopa bomba la maji," anasema. "Bomba! Likigonga ukutani, ananitanguliza mimi nikaangalie. Mimi ndiye mdogo, yeye ndiye mkubwa. Ananisukuma mgongoni, 'Nenda, nipo nyuma yako.' Nikigeuka, hayupo."

Mwoga huyo ndiye aliyekuja kuwa fundi wa kutisha watu. Ilianza na kinanda cha umeme kilichotoka kwa bendi ya harusi iliyovunjika. Kilikuwa kimetupwa kwenye kona ya studio, chini ya koti la mvua la mtu. Hakuna aliyekitaka. Ukigusa namba moja kwenye kioo chake kidogo, piano inageuka kuwa bati linaloraruliwa, na hujui umekosea wapi.

Kinanda hicho kilitengeneza sauti kwa njia ya FM. Herufi hizo mnazijua, wasikilizaji, ziko hapo kwenye redio yenu. Kanuni ni ileile: wimbi moja linalitikisa jingine. Bi Milio alikuwa akieleza hivi. Mtu anaimba, na mwenzake amemshika mabega anamtikisa. Akimtikisa polepole, sauti inayumba. Akimtikisa haraka mno, husikii tena kuyumba. Unasikia kitu kingine kabisa: kengele, filimbi, kioo kinachopasuka. Mtikisaji mwenyewe humsikii. Unasikia tu alichomfanyia mwenzake.

Hilo la mwisho lilimtia baridi mgongoni. Na ndilo lililomkalisha pale.

Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na utaratibu. Alibadili namba moja tu, akasikiliza, akairudisha ilipokuwa, ndipo akagusa nyingine. Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Akagundua kwamba kasi ya mtikisaji ikigawanyika sawasawa na ya mwimbaji, sauti inatulia na kuwa tamu. Isipogawanyika sawasawa, sauti inakosa pa kukaa, na msikilizaji naye anakosa raha bila kujua kwa nini. Akagundua pia kwamba kadiri mtikisaji anavyoongeza nguvu, ndivyo sauti inavyozidi kuota meno.

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Nguvu zaidi, meno zaidi.

Sasa twende kiwandani. Kiwanda cha barafu kinatumia amonia kugandisha maji. Ni gesi kali. Ikivuja, macho yanawaka moto na kifua kinafunga. Kiwanda kilikuwa na kengele moja tu. Ikilia, ni chai. Ikilia sana, ni gesi. Siku moja gesi ilivuja kidogo, kengele ikalia sana, na wafanyakazi wakatoka taratibu wameshika vikombe mkononi. Hakuna aliyeumia. Lakini mdogo wake alipomsimulia habari ya vile vikombe, Bi Milio aliweka kijiko chini na hakumaliza chakula chake.

Meneja wa kiwanda alipomwomba atengeneze mlio mpya, usiofanana na kitu chochote, alikubali, ingawa aliogopa. Mdogo wake alikuwa mle ndani. Na mke wa mdogo wake, wifi yake, alikuwa mpakiaji mle mle.

Jaribio la kwanza lilichekwa. Wapakiaji walishika mbavu. "Mbuzi kabanwa na mlango!" mmoja akapiga kelele, na ukumbi mzima wa kupakia ukalia kama mbuzi.

Bi Milio akarudi kwenye kinanda. Safari hii kila alichotengeneza kilimfikia kimefifia, kama sauti iliyofunikwa blanketi. Akamwongezea mtikisaji nguvu. Bado. Akaongeza tena. Bado. Akaongeza mpaka aliposikia angalau dalili ya meno, akaridhika.

Siku ya jaribio la pili alisimama kwenye ukumbi wa kupakia, meneja akabonyeza kitufe, na watu wote wakajikunja. Hawakukimbia. Walibana masikio kwa mikono miwili, wakafumba macho, wakaganda walipokuwa. Aliyekuwa mlangoni alikuwa na kitasa mbele yake na hana mkono wa kukishika. Mdogo wake alikuwa kando ya mashine ya gesi, kichwa kati ya viwiko, hasogei hatua.

Bi Milio peke yake alisimama mikono imelegea, akijiuliza: wana nini hawa? Mbona mlio wenyewe laini?

"Huu ndio!" meneja alimpigia kelele kwa furaha, bado ameziba masikio. "Unaingia mpaka kwenye mifupa! Spika zinafungwa Jumatatu!"

Mchana huo alienda nyumbani kwa wifi yake. Wifi alimpokea kwa mashambulizi, kama kawaida yao.

"Wifi, ulitaka kutuokoa au kutung'oa meno?"

Bi Milio hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo ukielekea jiko.

"Kwani ulikuwa mkali?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye mlio si wewe?"

"Mimi sikusikia ukali wowote."

Wifi akamtazama. Kisha akatazama jiko.

"Wifi," akasema, na safari hii bila utani, "birika linapiga mluzi tangu umekaa. Nilidhani umeona uvivu tu kulishusha."

Bi Milio akageuka. Mvuke ulikuwa unaruka kwenye mdomo wa birika kwa nguvu, mweupe, unagonga ukuta. Kwa masikio yake, jikoni mle mlikuwa kimya.

Wasikilizaji wapendwa, alisimulia mara nyingi kwamba hajawahi kuogopa kama alivyoogopa siku ile. Sauti za juu zilikuwa zimemtoka masikioni moja moja, bila kuaga. Ndiyo maana kila sauti ilimjia imefifia. Ndiyo maana aliongeza meno, na meno, na meno, na kuwafungia watu ndani kwa maumivu. Akisema, nani atampa kazi fundi wa sauti asiyesikia birika? Akinyamaza, Jumatatu mlio ule unafungwa juu ya kichwa cha mdogo wake. Siku gesi ikivuja, atasimama vilevile kando ya mashine, kichwa kati ya viwiko, akivuta pumzi.

"Twende kwa meneja," wifi akasema, akifunga kanga. "Sitakuacha uende peke yako, utaishia njiani. Nakujua."

Akaenda. Akasema. "Nirudishieni mlio wangu. Masikio yangu yamenidanganya."

Meneja alimwonea huruma. "Mama, watu wameukubali. Unajiharibia kwa nini?"

"Mlangoni mtu hakuwa na mkono wa kufungulia," akajibu. "Uliona?"

Meneja hakuwa ameona. Alikuwa amefumba macho kama wengine. Spika zikasubiri.

Hapa studio alitwambia pia, amesimama mlangoni kama anayengoja kufukuzwa. Mkuu wetu alimwambia akae, aazime masikio. Akaazima ya wifi yake. Kila alipotoka zamu, wifi alikuja kuketi mbele ya spika na aproni ya kazini. Bi Milio alibadili namba moja, kisha akauliza swali moja tu: "Inauma wapi?"

"Kwenye meno."

Akapunguza.

"Sasa?"

"Bado meno. Na wewe una roho mbaya."

Akapunguza tena. Polepole alimshusha mtikisaji, lakini akaibakiza ile kasi isiyogawanyika, sauti isiyo na pa kukaa. Akaweka kimya kifupi kati ya mlio na mlio, ili mtu aweze kumwita mwenzake akasikika. Walirekodi kazi yote, sauti zao na vicheko vyao humo humo. Na siku moja wifi akajishika chini ya mbavu, akainuka kwenye kiti kabla hajajua kwamba ameinuka.

Mlio huo ndio uliofungwa.

Ulilia asubuhi moja, kiungo cha bomba la gesi kilipopasuka. Tuliusikia hapa studio kupitia ukutani. Bi Milio alikuwa kazini, hedifoni shingoni. Hakuuliza kama na wengine wanasikia. Aliusikia mwenyewe. Akavua hedifoni. Alikuwa ameutengeneza ili kila mtu akimbie mbali na pale. Yeye akakimbia kuelekea kule.

Mtaani watu walikuwa wanatoka mbio, wanaitana, wanahesabiana. Mikono yao ilikuwa mitupu. Hakuna aliyeshika kikombe. Wifi alitoka akimvuta mwenzake aliyepoteza kiatu. Mdogo wake hakuonekana. Alikuwa amebaki kufunga vali ya gesi.

"Nilitoka wa mwisho," anasema. "Macho hayaoni, machozi tu. Nilipofika getini miguu ikagoma. Nikasikia mkono mgongoni unanisukuma. 'Nenda, nipo nyuma yako.' Nikageuka. Yupo."

Kwa mdogo wake, kwa wifi yake, na kwa wote waliomwita dada na shangazi, sisi wa kituo hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe pahali penye utulivu.

Mlitarajia pengine tuupige mlio wake leo, kwa heshima yake. Hatutaupiga. Alituusia mwenyewe: ukipigwa bure hata mara moja, umeanza kugeuka kengele ya chai. Na kiwandani wana redio kwenye ukumbi wa kupakia. Wanatusikiliza sasa hivi.

Basi kila mmoja wetu atazame kwake. Kuna kitu gani kinacholia karibu nawe, ambacho umekizoea mpaka unatoka na kikombe mkononi? Na kuna nani jikoni kwako anayengoja uulize kama birika linapiga mluzi?

Badala ya mlio, tumechukua kipande cha ile rekodi yao. Mlio wenyewe tumeukata. Zimebaki sauti zao mbili, na kiti kinachosogea.

"Inauma wapi, wifi?"

"Tumboni. Zima, zima! Nataka kutoka nje."