Refa wa Kofia Pana

Ndugu, marafiki na majirani wa Lucky Summer, kabla sijasoma, mjue ni nani anawasomea. Mimi ni Nzau, kaka yake Kathini, ambaye leo ni mjane. Familia ilipokaa kuchagua mtu wa kusoma maisha ya shemeji yangu Phares Bwire, nilijitoa mara mbili. Marehemu aliwahi kunionyesha kadi nyekundu mbele ya umati, na sikuwahi kuikubali. Kathini akasema hiyo ndiyo sababu hasa nisome mimi, maana kila mtu atajua simpambi.

Phares alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, huko Funyula, Kaunti ya Busia, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Obonyo na Mama Roseline. Mama yake alipenda kusimulia kwamba watoto wakigombania kiazi, Phares ndiye aliyekuwa anakikata, na baada ya kukikata anachukua kipande kinachobaki. Hakuna aliyemfundisha.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao, kisha sekondari hapo hapo Busia, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Uchezaji wenyewe wa mpira hakuujua. Nasema ukweli mbele ya mwili wake: ule mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Lakini sheria za mchezo alizijua zote, na alibisha kila uamuzi kutoka kando ya uwanja mpaka mwalimu wa michezo akachoka, akampa filimbi ili anyamaze. Hakunyamaza, ila tangu siku hiyo alipata kazi yake ya maisha.

Ile kazi nyingine, ya kumlisha, aliipata Nairobi. Alifika mwaka 1987, akakaa kwa ami yake Mukuru kwa Njenga, na kila asubuhi akatembea hadi Industrial Area kusimama langoni na vibarua wengine. Mwaka 1991 kiwanda kimoja cha misumari kilimwandika karani wa stoo, akaifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini bila barua ya onyo hata moja. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa alikuwa wa uwanja, na kiwanda kilijua hivyo.

Mimi na yeye tulikutana Jumapili, tarehe 9 Februari 1992. Nilikuwa beki wa timu ya mtaa wetu. Dakika ya sabini na moja, mshambulizi mmoja alianguka karibu na mguu wangu. Nasema karibu. Phares alikuja mbio, akanitazama kwa huruma, akachomoa nyekundu. Kumbe Kathini, aliyekuja kunishangilia mimi, alikuwa anamtazama yeye. Agosti mwaka huo huo, mtu yule yule akafika kwetu Machakos na wazee wake, amevaa suti ya kijivu, kuomba dada yangu. Niliwauliza wazee wetu kama wanamjua huyu ni nani. Baba akasema anamjua vizuri, ndiye mtu wa kwanza aliyeweza kunitoa mimi mahali. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1993, wakaanzia chumba kimoja Kware, na mwaka 2004 wakahamia hapa Lucky Summer. Mungu aliwajalia watoto wawili, Winny na Obonyo.

Ugonjwa ulianza Novemba 2012. Tumbo lilimsokota, akaharisha damu, na katika miezi miwili kilo kumi na nne zikaondoka. Baada ya vipimo vingi, pamoja na ile kamera inayopitishwa ndani, daktari alieleza kwamba kinga ya mwili wake imegeuka, inaushambulia utumbo wake mwenyewe na kuuvimbisha. Dawa zipo, akasema, lakini kazi yake ni kuituliza kinga hiyo, na kinga ikitulizwa, hata mafua ya jirani huingia bila hodi. Aliambiwa aogope jua, aogope umati, na uwanja auache. Phares alisikiliza yote hayo kisha akauliza jambo moja: je, ni lazima auache uwanja, au ni lazima ajikinge akiwa uwanjani? Daktari akafikiri, akajibu kwamba la muhimu ni kujikinga.

"Basi daktari," Phares akasema, "dawa nitameza na filimbi nitapuliza."

Hilo ndilo alilolipigania kuanzia siku hiyo. Hakutaka huruma wala miujiza. Alitaka vyote viwili, vidonge na filimbi, na kila aliyempenda alimwambia achague kimoja.

Tusidanganyane, dawa zile zilimfanyia mambo. Alianzishiwa steroidi, na kufikia mwisho wa Februari uso ulikuwa umeviringika, mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo. Kazini walimpongeza, wakasema Bwire pesa zimemkubali. Usingizi ulimkimbia. Njaa nayo ilikuwa ya kutisha. Siku moja Kathini alipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa pamoja na maharagwe, sufuria ya wageni wanane. Wageni walipofika walimkuta Phares ameketi kando ya sufuria tupu, anaomba msamaha, na kijiko bado kiko mkononi.

Hapo ndipo mimi nikaingia na ujuzi wangu. Machi 2013 nilimwona amevimba vile nikasema hawa madaktari wanamuua mtu wetu. Nilimpeleka kwa muuza mizizi mmoja, nikamshawishi kwamba tumbo limeshatulia na kilichobaki ni sumu ya vidonge. Kathini alikataa, nikamwambia anyamaze, haya ni mambo ya wanaume. Phares, ambaye hakuwahi kumsikiliza beki yeyote, siku hiyo alinisikiliza, kwa sababu alikuwa amechoka kujitazama kwenye kioo. Aliacha dawa zote kwa mpigo mmoja.

Siku ya kumi na tisa alianguka stoo, katikati ya maboksi ya misumari. Hospitalini aliongezewa damu painti nne, moja ikiwa yangu. Daktari alituambia, kwa sauti ya chini ambayo iliniumiza kuliko kelele, kwamba steroidi haziachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo yake, kwani mwili unakuwa umesahau kujitengenezea za kwake. Nililia pale miguuni pa kitanda, mimi mtu mzima. Phares akafungua jicho moja.

"Shemeji," akasema, "hiyo ni ya njano. Ukirudia, unajua inayofuata."

Sikurudia. Na yeye tangu siku hiyo hakuruka kidonge hata kimoja. Daktari alimshusha steroidi polepole kwa miezi mingi na kumwekea vidonge vingine vidogo vya njano, vya kuituliza kinga. Hivyo vilimpa kichefuchefu, basi akajua vinataka kumezwa baada ya chakula cha jioni, na ndizi mbivu juu yake. Nywele zikapungua, akanyoa zote kabla watu hawajasema. Kila mwezi alitolewa damu ipimwe, na baadaye kila miezi mitatu. Maji aliyachemsha, kachumbari ya barabarani aliiacha, na ingawa kuku wa kuchoma wa pale kituoni alimpenda sana, alimla tu akiwa ametoka motoni wakati huo huo.

Ngozi ilikuwa inaungua haraka, kwa hivyo alirudi uwanjani na shati la mikono mirefu na kofia pana. Ile ya kwanza ilikuwa ya Kathini, ya kanisani, imetolewa ua. Mashabiki walimcheka kutoka goli moja hadi lingine, wakamwita Mama Refa. Alivumilia mechi tatu, kisha Kathini akamtafutia ya kiume Gikomba. Ile ya ua alimrudishia, na dada yangu ameivaa leo.

Hasira ndiyo iliyomsumbua zaidi. Kabla steroidi hazijashuka sana, alichezesha mechi Kware akatoa kadi tisa za njano kabla ya mapumziko, na mojawapo alimpa mshika kibendera wake mwenyewe. Wakati wa mapumziko aliwaita manahodha wote wawili. Aliwaambia hawakukosa kitu, ni dawa imempandisha, naye hana haki ya kuamua mchezo wa watu akiwa hivyo. Akamkabidhi mwenzake filimbi na kuomba apumzishwe mpaka dozi ishuke. Alikaa nje miezi miwili, yeye aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya uwanja, na hakumlaumu mtu.

Kisha ikaja ile mechi ya Agosti 2015, ambayo wengi mlioko hapa mliiona. Kulikuwa na mafua kila nyumba, na daktari alikuwa amemwonya asishikane mikono. Mnajua desturi yetu, mechi haianzi kabla wachezaji hawajampa refa mkono. Phares aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akapita. Vijana wa Mukuru kwa Njenga wakaona wametukanwa. Wakaamini refa anashuku wametoka kwa mganga na mikononi wamepakwa kitu. Nahodha wao, anaitwa Mativo, akaagiza beseni, jagi na sabuni ya mche. Wachezaji kumi na mmoja wakanawa mbele ya watu wote, kisha wakanyoosha mikono, inatiririka maji. Wapinzani wao wa Kware kuona maji yanamwagwa uwanjani, nao wakasema hayo ndiyo ya mganga yenyewe, hawaingii. Dakika arobaini watu wazima walisimama wakiogopa maji ya sabuni.

Phares angeweza kuondoka. Ukiacha lile neno la dawa kwa manahodha wale, ugonjwa wake alikuwa ameuficha kwa watu wa mpira miaka hiyo yote, alikuwa anasema kofia ni ya mtindo tu. Siku hiyo alivua kofia, akasimama katikati na kile kichwa kilichonyolewa, akawaeleza yote: utumbo, damu, vidonge, uso, hasira.

"Mikono yenu ni safi," akawaambia. "Ni mwili wangu ndio hauna askari. Nimewapunguza mwenyewe ili niishi niwachezeshe."

Mativo alikuwa wa kwanza kuweka kiganja kifuani. Wakafuata wa Mukuru, kisha wa Kware, kisha mashabiki. Mimi pia niliweka. Mechi iliisha sare ya moja kwa moja na hakuna aliyepinga chochote, jambo ambalo sijaliona tena. Na hadi leo katika ligi yetu watu hunawa, kisha husalimiana hivyo. Corona ilipokuja na dunia nzima ikakatazwa mikono, Phares alifurahi sana, akasema hatimaye wamemfikia.

Alistaafu kazi mwaka 2021, lakini uwanjani hakustaafu. Miguu ilipozeeka alihamia kwa watoto. Jumapili, tarehe 31 Agosti 2025, alichezesha fainali ya watoto wa chini ya miaka kumi na minne kwenye uwanja huu tulioketi, na kofia kichwani, mwanzo hadi mwisho. Alipopuliza ya mwisho alikuja nilipokaa, jasho linamtoka. Akaniuliza kama nimeona kosa lolote. Nilitafuta, nikakosa.

Tarehe 8 Septemba alianza kukohoa. Hakungoja, alienda hospitali siku hiyo hiyo kama alivyofundishwa, na mfuko wa dawa zake mkononi ili waone anameza nini. Ilikuwa nimonia. Alipigana siku nane, na Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, alituaga, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kathini. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Sasa, tangu wiki iliyopita nasikia minong'ono kwenye mahema haya, kwamba ni zile dawa zilimmaliza. Nitawajibu mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuyasema maneno hayo. Ni kweli zilimpunguzia kinga, na nimonia ilipitia mlango huo. Yeye alilijua, alituambia tangu mwanzo, na alichagua kwa macho yake. Bila dawa alikaa siku kumi na tisa. Akiwa na dawa alikaa miaka kumi na miwili na miezi mitano. Ndani ya miaka hiyo alimwoza Winny, alimwona Obonyo akihitimu, alimbeba mjukuu, na alipuliza filimbi kwenye kila uwanja wa Eastlands ulio na magoli na vingine visivyo nayo. Shemeji yangu alishinda. Ikiwa kuna mtu hapa mwenye vidonge kama vyake nyumbani na anafikiria kuvitupa kwa sababu ya mashavu, aje aniulize mimi kwanza.

Phares amemwacha mkewe mpendwa Kathini, watoto wake Winny na Obonyo, mjukuu wake Mbeti, ndugu zake watano, na wachezaji ambao hatuwezi kuwahesabu. Leo jioni tunampeleka Funyula, alale karibu na wazazi wake.

Limebaki moja. Kathini amenikataza, lakini kipaza sauti kiko kwangu. Phares, ile Jumapili ya 1992, dakika ya sabini na moja, sikuugusa mpira. Niliugusa mguu wa yule kijana, na nilikusudia. Kadi yako ilikuwa halali, na nimekaa nayo miaka thelathini na mitatu.

Naomba tusimame wote, tuweke viganja vifuani kama alivyotufundisha.

Umechezesha dakika zako zote, shemeji, hata zile za nyongeza. Lala salama kwa Mungu wako.