Miche ya Mama Mkwe

Mbele ya kibanda cha fundi redio pana benchi la mbao, mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali, na asubuhi hiyo lilijaa kabla fundi hajamaliza kufungua dirisha. Fundi mwenyewe huitwa Antena, kwa urefu wake. Pembeni yake alikaa Dozi, muuza dawa wa duka la pili. Kisha Refa, aliyewahi kuchezesha mechi za mtaani na mpaka leo hajaacha kuwaamulia watu mambo yao. Na Mama Kahawa, juu ya ndoo yake iliyofunikwa, birika la kahawa miguuni. Hakuna aliyeuliza habari za mpira. Wote walitazama maganda mawili ya redio mbovu, yamejazwa udongo, yameota miche ya nyanya.

Ganda la kwanza lilikulia ndani, kwenye rafu, chini ya nailoni safi: kijani kitupu, majani yanang'aa. La pili lilikulia nje, chini ya benchi, likapatwa na ugonjwa wa madoa uliopita mtaani. Majani yake ya chini yalikuwa na vidoa vikavu vya kahawia; ya juu, yaliyochipua baadaye, yalikuwa safi. Mama mkwe wa Antena alikuwa njiani kuja kuchukua ganda moja, maana bustani yake haina nafasi ya mawili. Msimu uliopita Antena alimpelekea miche mizuri ya kupigiwa picha. Ilikufa yote, kwa madoa hayo hayo.

REFA: Toa inayong'aa. Mkwe hapelekewi wagonjwa.

DOZI: Hii si migonjwa, imepona. Binti wa dada yangu anasomea mimea. Anasema jani la chini likivamiwa na vimelea, mara nyingine sehemu iliyoguswa hujikausha yenyewe, mvamizi akose chakula. Halafu jani linapeleka habari juu, na mengine yanajiweka tayari. Vimelea wakirudi, wanakuta mlango umekazwa.

ANTENA: Umekazwa kabisa?

DOZI: Kabisa, hapana. Makali yanapungua tu.

ANTENA: Na hiyo habari inapita wapi? Jani halina waya.

DOZI: Kwenye utomvu. Tena kuna kitu humo ambacho ni ndugu na aspirini.

MAMA KAHAWA: Mnasumbuka bure. Masalia yangu yote ya kahawa namwaga hapo chini. Hiyo miche haijalala tangu izaliwe! Ugonjwa utaivizia saa ngapi?

REFA: Basi tusage aspirini, tuinyweshe na hii mizuri. Sasa hivi.

DOZI: Kwa kipimo gani, bwana?

REFA: Asubuhi na jioni, baada ya chakula.

Mama Kahawa alicheka hadi kikombe kikamponyoka.

REFA: Msicheke. Na kila mche upigwe kofi dogo. Kadi ya njano hiyo. Ukishaonywa, unacheza kwa adabu.

DOZI: Mimea mingine ikishambuliwa hutoa harufu, na jirani yake akiipata, hujiandaa naye.

REFA: Imekwisha hiyo! Antena, simika mtambo juu ya kibanda. Utangaze ugonjwa kila asubuhi, mboga za mji mzima zikae chonjo.

ANTENA: Jamani, mimi nina shida ya mkwe, nyinyi mnanifungulia kituo cha redio!

Alicheka nao, huku akitazama ganda moja, kisha lingine. Miche yenye makovu ikifa, atakuwa amempa mkwe uchafu kwa makusudi. Mizuri ikifa, atakuwa amerudia kosa. Mkono wake ulikuwa umeshashika ganda zuri kivuli kilipoangukia benchi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kwenye kona. Hebu niambieni, nani kati yenu amewahi kuvuna nyanya?

Refa alirekebisha kola ya shati. Dozi alikumbuka kutazama dukani kwake. Mama Kahawa alipangusa kikombe kilichokuwa safi.

— Hakuna, mama — Antena alisema, akaachia ganda zuri. — Mimi mwenyewe naotesha tu, mwisho wake siujui. Hii mizuri haijaguswa na kitu, kama ile niliyokuletea. Hii yenye makovu imeumwa ikainuka. Siwezi kukuapia. Ila ingekuwa ya kwangu, ningepanda hii.

Mama mkwe aliinama, akageuza jani la juu kwa kidole, akalichunguza upande wa chini. Halafu akageuza lingine.

— Haya, nitaichukua. Na wewe utakuja kuiangalia.

— Ikiugua niite tu, mama.

— Utakuja hata isipougua. Jumamosi, mwanangu, na jembe. Na hawa wataalamu wako waje nao.

Refa alichungulia kikombe chake, akikwepa macho ya mama mkwe.

— Mama Kahawa, kumbe kahawa imekwisha?

— Imekwisha — alijibu Mama Kahawa, akilisukuma birika zito nyuma ya miguu yake.